Nani Anashika Saa? Historia Fupi ya Skrini Inayopepesa

Leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu tuzungumzie ugonjwa ambao karibu kila mtu ameuona, lakini wachache wanajua unatoka wapi: skrini inayopepesa. Mafundi wengine husema "skrini inacheza." Ni ile picha inayowaka na kufifia kama jicho lililoingia vumbi, au inayokatika katikati, au inayopanda juu bila kusimama. Hapa Kakamega mtu akipatwa na shida hii kwenye tableti au kompyuta ndogo, swali lake la kwanza ni bei ya kioo. Kioo kikibadilishwa na ugonjwa ukarudi, kifaa kinawekwa kabatini na pesa zimekwenda.

Ninachotaka kueleza leo ni kwamba kioo chaweza kuwa kizima kabisa na picha bado ikapepesa. Kupepesa ni ugomvi wa saa. Kila skrini ina pande mbili: upande unaochora picha na upande unaoionyesha. Kila upande una saa yake. Saa zikikubaliana, jicho halioni kitu. Zikipishana, jicho linaona. Kazi ya kuzipatanisha ni ya draiva, yaani ile programu inayokaa kati ya mfumo wa kompyuta na kifaa chenyewe. Ukiifuata historia utaona kwamba ugomvi ni uleule tangu enzi za televisheni. Kilichobadilika ni nani anashika saa.

SAA YA UKUTANI

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mfumo tulionao ulijenga picha kwa mistari 625, na skrini ilifagiliwa mara 50 kwa sekunde: mara moja mistari ya witiri, mara nyingine mistari ya shufwa. Kwa hiyo picha kamili zilikuwa 25 kwa sekunde.

Kwa nini 50? Jibu liko kwenye soketi. Umeme wetu ni wa hetsi 50. Wahandisi wa mwanzo waligundua kwamba mtetemo wa umeme huingia kwenye picha na kuacha kivuli cha mlalo. Picha ikienda mwendo mmoja na umeme, kivuli hicho husimama mahali pamoja na jicho hulizoea. Mwendo ukitofautiana, kivuli hutambaa juu au chini na kuudhi. Wamarekani umeme wao ni wa hetsi 60, kwa hiyo televisheni yao ikafagiliwa mara 60. Ndiyo asili ya dunia kugawanyika, na baadaye rangi zilipokuja, mgawanyiko huo ukapewa majina: PAL huku kwetu, NTSC kule kwao.

Lakini saa haikubaki ukutani. Ndani ya mawimbi yaliyotoka kwenye mnara kulikuwa na kengele: kengele ndogo mwishoni mwa kila mstari na kengele kubwa mwishoni mwa kila mfagio. Televisheni ilikuwa na saa yake ya kukisia, kisha ikairekebisha kila iliposikia kengele. Wanaokumbuka televisheni za Great Wall, zile ndogo nyeusi na nyeupe zilizotumia betri ya gari katika nyumba zisizo na umeme, wana ushahidi mzuri. Betri haina hetsi hata moja, lakini picha ilisimama. Maana yake saa ilikuwa imehama kutoka ukutani ikaingia kwenye mawimbi.

Kengele ilipokuwa dhaifu, mfano mtaani bondeni ambako mawimbi hayafiki vizuri, picha ilianza kupanda. Ndipo mtu alipokwenda kushika kitasa kilichoandikwa V-HOLD na kukizungusha polepole mpaka picha ikatulia. Huyo ndiye draiva wa kwanza, jamani! Alikuwa anasawazisha saa mbili kwa mkono wake.

THELUJI KWENYE KOMPYUTA

Kompyuta zilileta shida mpya. Televisheni ilikuwa inapokea tu, lakini kompyuta inachora huku skrini inasoma, na zote mbili zinatumia kumbukumbu moja.

Apple II ya mwaka 1977 ilitatua jambo hili kwa ujanja. Steve Wozniak alipanga zamu: katika nusu ya kila pigo la saa prosesa inagusa kumbukumbu, na nusu nyingine ni ya picha. Hawakugongana kamwe.

IBM ilipotoa kadi yake ya rangi, CGA, mwaka 1981, zamu hiyo haikuwepo katika maandishi ya safu 80. Programu ikiandika herufi wakati kadi inasoma, kadi ilikosa data yake na vitone vyeupe vikaruka skrini nzima. Watu waliviita theluji. Dawa ilikuwa ya programu: soma kwanza mlango namba 3DA wa kadi, subiri mpaka mwale wa skrini umalize mstari na kuanza kurudi, kisha andika haraka kabla haujaanza mstari mpya.

Kanuni hiyo, chora wakati skrini inapumzika, ndiyo mama wa karibu kila dawa iliyofuata. Ukiielewa hiyo, yote yanayofuata hapa chini ni mapambo.

ENZI ZA SAIBERI

Tuje nyumbani miaka ya 2000. Chuo cha hapa Kakamega kilifanywa chuo kishiriki mwaka 2002 na kikawa chuo kikuu kamili, Masinde Muliro, mwaka 2007. Wanafunzi walihitaji intaneti na saiberi zikafungua milango. Mwaka huohuo wa 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kazi ya kupeleka shuleni kompyuta zilizokwisha kutumika. Kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa na skrini za kioo kizito, zile zenye mgongo mrefu.

Skrini ya aina hiyo haishiki picha. Mwale ukipita, kitone kinawaka kisha kinafifia, kwa hiyo lazima ufagiwe tena na tena. Ukifagia mara 60 kwa sekunde, watu wengi huona mtetemo, hasa kwa pembe ya jicho. Shirika la TCO la Sweden, katika masharti yake ya mwaka 1999, lilitaka angalau mara 85.

Sasa angalia mchezo. Ukiweka Windows upya bila draiva halisi ya kadi ya picha, mfumo unatumia draiva ya jumla isiyojua uwezo wa kadi wala wa skrini. Ili isivunje kitu, inachagua 60. Skrini ina uwezo wa 85, kadi ina uwezo wa 85, lakini mpatanishi hajui. Mtu anakaa saa 2 anaandika barua ya kuomba kazi, anatoka na kichwa kinauma, na anasema kompyuta ni mbovu. Ongeza taa ya mrija darasani, ambayo kwa umeme wa hetsi 50 humeta mara 100 kwa sekunde, na hapo macho yanapata mitetemo miwili kwa wakati mmoja. Dawa ilikuwa diski moja ya draiva na kubadilisha namba moja kwenye mipangilio.

LCD NA AMANI YA UONGO

Skrini bapa za LCD zilipokuja, wengi tulidhani mambo yamekwisha. LCD haififii haraka kama kioo kizito. Kitone kikiwekwa rangi, kinakaa nayo mpaka kiambiwe vingine. Basi kupepesa kutatoka wapi?

Kulitokea mlango mwingine. Vifaa vidogo vilikuja: simu, tableti, mashine za malipo, mita. Vyote hivi ni kompyuta zilizofichwa ndani ya kifaa, na vyote vinabana umeme na kumbukumbu. Saa zikawa nyingi zaidi: saa ya prosesa, saa ya kumbukumbu, saa ya pikseli, saa ya taa ya nyuma. Nazo zinazimwa na kuwashwa kila mara ili betri idumu.

Mfano mzuri ni laptopu ya watoto ya mradi wa OLPC, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 na ambayo Rwanda iliisambaza sana mashuleni. Ndani yake kulikuwa na chipu iliyoitwa DCON. Kazi yake ilikuwa kushika picha ya mwisho na kuendelea kuionyesha huku prosesa imelala. Mtoto anasoma ukurasa, kompyuta imelala, na yeye hajui. Lakini ugumu uko kwenye makabidhiano. Prosesa ikiamka, lazima ichukue skrini kutoka kwa DCON kati ya fremu mbili, si katikati ya fremu. Ikikosea, mtoto anaona mmweko. Ni kama kukabidhi kijiti katika mbio za kupokezana: hakuna aliyechelewa, lakini kijiti kikianguka mbio zimeharibika.

Kwa simu, wengi wetu tulianza na Huawei Ideos iliyouzwa na Safaricom mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000. Ilikuwa na prosesa ya megahetsi 528 na Android 2.2. Ukivuta orodha ndefu, picha ilirukaruka. Sehemu ya sababu ni udogo wa prosesa, lakini Android yenyewe wakati ule haikuwa na nidhamu ya saa. Mwaka 2012 Google walitoa Android 4.1 na kazi waliyoiita Project Butter. Waliifanya simu ianze kuchora kila fremu kengele ya skrini inapolia, si wakati wowote, na wakaongeza bafa ya tatu, yaani ukurasa wa ziada wa kuchorea, ili aliyechelewa asimzuie mwenzake. Kengele ileile ya televisheni ya zamani ilikuwa imerudi.

KING'AMUZI NA KAKAMEGA

Kisha ikaja siku ambayo kila nyumba yenye televisheni ilipata kompyuta ndogo, itake isitake. Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009. Mwanzoni mfumo ulikuwa DVB-T, baadaye nchi ikahamia DVB-T2, na aliyekuwa amenunua king'amuzi cha awali ikabidi anunue kingine. Kesi za vyombo vya habari zilifika hadi Mahakama ya Juu. Katika ratiba iliyotangazwa, Nairobi ilikuwa ya kwanza, na Kakamega iliwekwa kwenye awamu ya pili, pamoja na Kisumu na Webuye, Februari 2015. Katikati ya Februari mitambo ya analogi ikaanza kuzimwa, na NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa karibu wiki 3. Nchi nzima ilimaliza kuzima analogi mwisho wa Machi 2015.

Watu walizungumzia siasa na bei. Mimi ninayetazama mambo ya draiva naona jambo jingine: mshika saa alibadilika tena. Siku za analogi, kengele ilitoka kwenye mnara. Siku za dijitali, mnara unaleta namba tu. Anayepiga kengele ya kuelekea kwenye televisheni yako ya zamani ni king'amuzi chenyewe, kwa kufuata mpangilio ulioandikwa katika programu yake.

Mpangilio huo ukiwa NTSC badala ya PAL, ona kinachotokea. Mistari ya PAL hupita 15,625 kwa sekunde, ya NTSC karibu 15,734. Tofauti haifiki asilimia 1, kwa hiyo televisheni inaishika mistari bila taabu. Lakini mifagio ni 50 dhidi ya karibu 60, tofauti ya asilimia 20. Saa ya televisheni ya zamani haiwezi kuruka mbali hivyo, kwa hiyo picha inapanda juu mfululizo. Rangi nazo zinapotea, kwa sababu PAL huzibeba kwenye megahetsi 4.43 na NTSC kwenye 3.58.

Kibaya zaidi, ili urekebishe lazima ufungue menyu, na menyu nayo inapanda! Ndiyo maana rimoti nyingi za DVD na za ving'amuzi zina kitufe cha P/N au kinachofanana nacho, cha kubadilisha mfumo bila kuona kitu. Mtoto akikibonyeza akicheza, nyumba nzima inaamini televisheni imekufa. Bonyeza tena mara moja au mbili kabla hujaibeba kwenda kwa fundi.

LINUX INAJIFUNZA KUSUBIRI

Chini ya vifaa vingi vya namna hii kuna Linux, na historia ya Linux kwa upande wa picha ni historia ya kujifunza subira.

Njia ya kwanza, fbdev ya miaka ya 1990, ilikuwa rahisi mno: programu inapewa kipande cha kumbukumbu na kuambiwa, hii ndiyo skrini, andika. Hakuna aliyekulazimisha kusubiri kengele. Mwaka 2009, katika Linux 2.6.29, kazi ya kupanga skrini ilianza kuhamishiwa ndani ya kerneli kwa kadi za Intel. Kabla ya hapo, kompyuta ilipowaka skrini ilimweka mara kadhaa, kwa sababu kerneli na programu ya madirisha kila mmoja aliipanga upya kwa namna yake. Mwaka 2015 ukaja mtindo wa yote au hakuna: unataja mabadiliko yote unayoyataka, kerneli inakagua kama yanawezekana, kisha yanatokea pamoja wakati skrini inapumzika. Yasipowezekana, hakibadiliki kitu.

Mwaka huohuo draiva za fbtft ziliingia kwenye kerneli. Hizi ni za vile viskrini vidogo ambavyo wanafunzi hufunga kwenye Raspberry Pi kwa nyaya chache. Tufanye hesabu. Skrini ya 320 kwa 240, biti 16 kwa kila pikseli, ni biti 1,228,800 kwa fremu. Njia ya SPI ikienda megahetsi 32, fremu haziwezi kuzidi 26 kwa sekunde. Lakini chipu ya skrini, kama ILI9341, inajisomea kumbukumbu yake mara 70 hivi kwa sekunde. Saa mbili, na hazikutani! Unaona mstari ukishuka kwenye picha. Chipu ina pini ya TE inayopiga kengele skrini inapopumzika, lakini katika bodi nyingi za bei nafuu pini hiyo haikuunganishwa popote. Hapo hata draiva iwe nzuri namna gani, imezibwa masikio.

NAMNA YA KUTAFUTA CHANZO

Haya, historia hii ina faida gani kwa mwenye kifaa kinachopepesa leo? Inakuonyesha pa kuuliza. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja.

1. Piga picha ya skrini kwa kifaa chenyewe. Ikitoka safi ilhali jicho linaona uchafu, mchoro ni mzuri. Shida iko chini yake. Ikitoka chafu, shida ni ya programu inayochora.

2. Jaza skrini rangi moja, pasiwe na kinachosogea. Kupepesa kukiisha, tatizo ni la kuchora bila kusubiri. Kukiendelea, ni saa, umeme au taa.

3. Pandisha mwangaza hadi mwisho. Taa ya nyuma hupunguzwa kwa kuzimwa na kuwashwa haraka sana. Draiva ikiweka mwendo mdogo, jicho linauona. Kwenye mwangaza kamili taa haizimwi, kwa hiyo mtetemo ukiisha hapo, umempata mwizi. Kamera ya simu nayo itakuonyesha mistari myeusi inayotembea.

4. Angalia umeme. Raspberry Pi huonyesha alama ya radi umeme ukishuka chini ya volti 4.63. Chaja dhaifu na waya mwembamba vimesingiziwa kuwa draiva mara nyingi, na kinyume chake.

5. Ipe mashine mzigo, mfano nakili faili kubwa. Skrini ya 800 kwa 480 yenye biti 32, mara 60 kwa sekunde, inavuta baiti milioni 92 kila sekunde kutoka kwenye kumbukumbu. Katikati kuna akiba ndogo, kama jerikeni chini ya bomba. Wengine wakifungua mabomba yao yote, jerikeni inakauka na skrini inamweka. Tazama ujumbe wa kerneli kwa amri ya dmesg. Ukiona neno underrun, jerikeni imekauka. Punguza biti hadi 16, na mzigo unakuwa nusu.

6. Hesabu saa ya pikseli. Skrini hiyohiyo, ukihesabu na nafasi za kupumzika, huwa na 1056 kwa 525 kwa jumla. Zidisha mara 60 upate megahetsi 33.26. Faili la maelezo ya kifaa likiwa na 30, skrini itaenda mara 54 tu kwa sekunde. Skrini nyingine huvumilia, nyingine hupepesa.

7. Kama ni laptopu yenye chipu ya Intel, jaribu kuzima ile tabia ya skrini kujishikia picha yenyewe, kwa kuiambia kerneli i915.enable_psr=0. Ni wazo lilelile la DCON, na makabidhiano yake yana hatari zilezile.

Ni baada ya hatua hizi zote ndipo uulize bei ya kioo.

KWA NINI TUJALI

Tangu mwaka 2016 serikali ilisambaza tableti zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi, na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JKUAT vilishiriki kuziunganisha hapahapa nchini. Hilo ni jambo jema. Lakini kuunganisha kioo na bodi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni draiva, na draiva ikifungwa bila msimbo wake kutolewa, fundi wa Kakamega anabaki na kitu kimoja tu anachoweza kubadilisha: kioo. Yule mzee wa V-HOLD alikuwa na kitasa. Sisi tumeuziwa vifaa ambavyo kitasa kimo ndani ya faili tusiloruhusiwa kulifungua.

Kwa hiyo shule au ofisi ikinunua vifaa, pamoja na kuuliza bei na dhamana, iulize pia: msimbo wa kerneli ya kifaa hiki uko wapi? Leseni ya Linux inamtaka anayesambaza kerneli hiyo atoe msimbo wake, kwa hiyo hilo si ombi la hisani. Na wanafunzi wa kompyuta, badala ya kuandika kikokotoo cha kumi, chukueni bodi moja na skrini moja mbovu, mtafute saa ipi haikubaliani na ipi.

Mungu akipenda, makala ijayo nitaeleza namna ya kusoma faili la maelezo ya kifaa mstari kwa mstari, tuanze na hizo namba za 1056 na 525.